Kurumbiza Mwenye Wanja na Kurumbiza Asiye na Wanja

Hadithi!
— Ipepete!
Pumba nizitupe wapi?
— Upeponi!
Na punje?
— Masikioni mwetu!

Haya, masikio yafungueni, midomo ifungeni, na mikono isisimame. Mahindi haya hayajipukuchui yenyewe, na mimi sikuja kuwachekesha watu waliokunja mikono. Na asiniambie mtu kwamba hadithi haisimuliwi mchana, eti msimulizi huota mkia. Nimesimulia mchana tangu Hatibu huyu hajaota meno. Mwenye hamu ya kuutafuta huo mkia aje, atakutana na kofi.

Nasemba, sogea huku. Wifi yako Mwanjaa yuko upande ule, nimemwona, na wewe umemwona, msijifanye vipofu. Kaeni hivyohivyo, kila mmoja na upande wake wa chungu ya mahindi. Nyinyi ndio wenye hadithi leo.

Hapo zamani za kale palikuwa na mlima, na juu ya mlima palikuwa na msitu, na katikati ya msitu palikuwa na kijito. Juu ya kijito waliishi kurumbiza. Chini ya kijito waliishi kurumbiza.

Mnamjua kurumbiza? Ndege mdogo, mgongo wa majivu, kifua cha bizari. Akiimba alfajiri, mtu aliyelala na kisirani huamka hana. Ndege mzuri sana yule, ila kichwa chake kidogo, na katika hadithi hii mtaona kwamba hakikuwa kidogo bure.

Sasa sikilizeni tofauti yao. Kurumbiza wa juu alikuwa na mstari mweupe juu ya jicho, mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo. Wenyewe waliuita wanja. Kurumbiza wa chini hakuwa nao. Hiyo moja. Kurumbiza wa juu alimaliza wimbo wake kwa kupanda: fii, fii, fiyu, wiii! Kurumbiza wa chini alimaliza kwa kushuka: fii, fii, fiyu, wuuu! Hiyo ya pili. Na tofauti ya tatu?
— Ipi?
Hakuna! Mlidhani ipo? Na mimi niliitafuta, nikachoka.

Mayai yao yalikuwa na madoa yaleyale. Wadudu waliowala walikuwa wadudu walewale, na mvua iliyowanyeshea ilikuwa mvua ileile. Bibi yao mkuu alikuwa mmoja, alitaga mayai mawili katika kiota kimoja. Mtoto mmoja akapanda mlima, mwingine akashuka, basi. Lakini mtaje huyo bibi mbele yao uone watakavyokurukia.

Wa juu walisema: "Wale wa chini ni ndege waliosahau kunawa uso."

Wa chini walisema: "Wale wa juu wamejipaka uchafu usoni, wakauita urembo."

Wa juu walisema: "Wimbo unaoshuka ni wimbo wa mgonjwa."

Wa chini walisema: "Wimbo unaopanda ni wa mtu aliyekanyaga mwiba."

Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Na wakati huo shoka lilikuwa likilia. Watu walipanda kutoka bondeni wakifyeka mashamba ya iliki, na wengine walishuka kutoka upande wa pili wakitafuta mbao. Msitu ukaliwa huku na huku, kama muhogo wa kuchoma mikononi mwa watu wawili wenye njaa. Kurumbiza wa juu waliokuwa mamia wakawa makumi, wakawa saba. Wa chini waliokuwa mamia wakawa makumi, wakawa tisa.

Mngedhani wangelia. Wapi! Siku moja kurumbiza wa juu walishuka mpaka kijitoni, wakavimbisha vifua, wakapiga kelele: "Sisi saba, nyinyi tisa! Sisi adimu zaidi! Na kilicho adimu ndicho chenye thamani!"

Kurumbiza wa chini wakarudi nyumbani vichwa chini. Wakahuzunika kwa kuwa tisa. Nimesema nini?
— Wakahuzunika kwa kuwa tisa!
Basi mkumbuke hilo, msije mkaniambia baadaye kwamba nawaonea.

Mkubwa wa juu aliitwa Wanja. Wanja wake ulikuwa mrefu kuliko wa wenzake kwa upana wa kucha ya sisimizi, na ndiyo sababu akawa mkubwa. Mkubwa wa chini aliitwa Mbiu, kwa sababu ya sauti. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini Mbiu alivuma vizuri, nisimdhulumu. Huyo Mbiu alikuwa na mke, Tunu. Tunu alikuwa na mayai matatu kiotani na akili kichwani, na mlimani kote akili ilikuwa adimu kuliko hao kurumbiza.

Sasa akaja mtu. Jina lake Shehoza, kazi yake kutega ndege kwa ulimbo. Alichemsha utomvu wa fenesi na mafuta ya nazi mpaka ukavutika, akaupaka kwenye vijiti, akavitia vijiti kikapuni. Bondeni kulikuwa na watu wenye baraza nzuri waliotaka kuning'iniza kurumbiza barazani, waamshwe na wimbo bila kupanda mlima. Shehoza akaahidi kuwaletea.

Siku ya kwanza akamwaga mtama karibu na ulimbo. Kurumbiza hali mtama. Shehoza akanasa chiriku wawili na mkono wa kanzu yake mwenyewe.

Siku ya pili akaweka kumbikumbi juu ya vijiti. Kurumbiza wakaja, wa juu na wa chini, mate yanawatoka. Tunu akatazama, akasema: "Kumbikumbi hawakai juu ya kijiti kwa utaratibu wakisubiri kuliwa." Wakaondoka wote. Mnaona? Kwa habari ya tumbo walikuwa na akili.

Siku ya tatu Shehoza alichoka, akakaa kando ya kijito, akatoa muhogo wake wa kuchemsha. Hata hajatafuna, akasikia kelele. Mbiu huku, Wanja kule, kijito katikati.

"Wiii lenu linanikuna masikio!"

"Wuuu lenu linanitapisha!"

"Thubutu kuimba upande wangu uone!"

"Thubutu wewe kuimba upande wangu!"

Shehoza akasahau kutafuna. Akacheka peke yake mpaka muhogo ukamwangukia miguuni. "Kumbe," akasema, "mimi nahangaika kutafuta chambo, na chambo wanacho wenyewe kifuani." Wahenga walishasema, vita vya panzi, furaha ya kunguru. Shehoza akapangusa midomo, akaanza kujifunza kupiga mluzi.

Sasa hapa mtanisaidia. Nikisema "Nani huyo?", nyinyi mnasema "Nata!" Tumeelewana? Na Nasemba aseme kwa nguvu, si kwa kunong'ona kama mtu anayeomba chumvi.

Siku ya nne Shehoza akapanda juu, kwa wenye wanja. Akasimika vijiti, akajificha kichakani, akapiga mluzi wa watu wa chini: fii, fii, fiyu, wuuu!

Kurumbiza wa juu wakaruka. "Wuuu? Wuuu kwetu? Ndani ya miti yetu?" Wakaja wawili, mbio, matusi yamejaa mdomoni.

Nani huyo?
— Nata!
Nani huyo?
— Nata!

Wawili kikapuni. Wa juu wakabaki watano. Na wa chini waliposikia, walifanya nini? Walicheza ngoma. "Wamepungua! Wamepungua!" Halafu mmoja wao akakumbuka kwamba aliyepungua ndiye adimu zaidi, ngoma ikawaharibikia. Wajinga hata furaha yao ina matatizo.

Siku ya tano Shehoza akashuka chini, kwa wasio na wanja. Akapiga mluzi wa juu: fii, fii, fiyu, wiii!

"Wiii? Wiii kwetu?" Wakaja watatu.

Nani huyo?
— Nata!
Nani huyo?
— Nata!
Nani huyo?
— Nata!

Hivyo, hivyo. Siku moja juu, siku moja chini. Wake walikuja, waume walikuja. Hakuna aliyekuja kula, hakuna aliyekuja kunywa. Wote walikuja kutukana. Kule juu Wanja alisalimika kwa sababu alikuwa anawatuma wengine wakatukane kwa niaba yake. Wakubwa ndivyo walivyo. Alimtuma shemeji, alimtuma mpwa, mwisho akamtuma mke wake, na mke akaenda. Akabaki yeye na wanja wake.

Chini wakabaki Mbiu na Tunu. Na mayai yakaanguliwa, makinda matatu, midomo wazi, mwili mtupu.

Tunu alikuwa ameona jambo. Akamwambia mumewe: "Baba watoto, nimemwona yule mwimbaji. Ana ndevu."

"Ana ndevu?"

"Ana ndevu na kikapu."

Mbiu akafikiri. Akasema: "Basi wa juu wameanza kufuga ndevu. Hawana haya kabisa wale."

Mnacheka. Cheka, Hatibu, lakini mtu akishaamua adui yake ni nani, hata ukimwonyesha kikapu ataona manyoya.

Asubuhi iliyofuata mluzi ukalia chini ya mti wao hasa. Fii, fii, fiyu, wiii! Mbiu akasimama, manyoya yamemsimama. Tunu akamkalia mbele.

"Usiende."

"Ananiimbia mlangoni kwangu!"

"Usiende, baba watoto. Nakuomba. Makinda haya hayajafunguka hata macho."

"Nikinyamaza watasema nini?"

"Watasema uko hai."

Mbiu akamtazama kama mtu aliyeambiwa tusi. Akaruka juu ya kichwa cha mkewe, akashuka.

Nani huyo?
— Nata!

Tunu alilia. Alimpenda yule mume. Kwa nini, sijui, sikuulizwa siku ya posa. Lakini alimpenda, na alilia mpaka makinda wakalia naye. Halafu akaacha, kwa sababu makinda hayali machozi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwani hapa ndipo penye roho ya mambo. Kinda la kurumbiza halizaliwi na wimbo. Hufundishwa na dume, kabla manyoya hayajakomaa. Lisipofundishwa, hulia kama panya maisha yake yote. Dume linalolia kama panya halipati mti, halipati mke, halipati watoto, na ukoo umekwisha. Tunu alikuwa na makinda matatu na hakuna dume la kuwafundisha. Yeye mwenyewe koo lake lilikuwa jembamba. Ule mwisho wa kushuka aliuweza, maana alikuwa amekaa kando ya domo la Mbiu misimu mitatu, wuuu aliijua mpaka ikamchosha. Lakini mwanzo, ule wa fii, fii, fiyu, ulitaka kifua cha dume.

Na mlima mzima ulikuwa umebaki na dume moja. Nani?
— Wanja!

Tunu akavuka kijito. Hakuna wa chini aliyewahi kuvuka kijito kwa heri. Akatua chini ya tawi la Wanja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mkubwa."

Wanja akaendelea kujipangusa wanja kwenye jani.

"Nina watoto watatu," Tunu akasema. "Hawana wa kuwafundisha. Nimekuja kukuomba."

"Wana wanja?"

"Hawana."

"Basi ondoka. Wimbo wangu umwingie asiye na wanja? Bora nife nao."

Tunu akaondoka. Siku ya pili akarudi. "Shikamoo, mkubwa. Ukifa nao, nani atakayejua kwamba mlimani palikuwa na wiii?"

Mdudu alipita mbele ya Wanja, hakumla. Neno lile lilimwingia, nasema ukweli. Hata mpumbavu ana usiku wake wa kuogopa. Lakini mara akajisahau tena. Akasema: "Wanja ni wanja. Mlango ule pale."

"Juu ya mti hakuna mlango, mkubwa."

"Basi anga ile pale!"

Tunu akageuka kuondoka, na alipogeuka akatazama chini ya tawi. Mkubwa yule alikuwa anakaa tawi moja tangu mkewe aondoke, hatoki, hatembei, na chini ya tawi jani pana lilikuwa limejaa kinyesi chake. Kinyesi cha ndege rangi yake ni nini?
— Cheupe!
Eee. Cheupe.

Tunu akachovya ncha ya mdomo. Akaruka nyumbani. Kinda wa kwanza, mstari juu ya jicho. Wa pili, mstari juu ya jicho. Wa tatu akasema, "Mama, kinanuka," akaambiwa anyamaze, akachorwa mstari juu ya jicho.

Siku ya tatu akavuka tena kijito, anahema. "Mkubwa! Njoo uone ajabu! Watoto wangu wameota wanja!"

Wanja akaja mbio, akasahau ukubwa wake. Akatua kwenye ukingo wa kiota, akatazama kinda la kwanza, akatazama la pili, akatazama la tatu. Machozi yakamlenga.

"Damu!" akasema. "Damu ya juu haifichiki! Nilijua, nilijua! Ilipenya hata huku kwenye matope!" Akainama, akanusa. "Hata harufu yao ni ya kwetu."

Hapo hakukosea.

Basi Wanja akawa mwalimu. Kila asubuhi alivuka kijito, akaimba fii, fii, fiyu, wiii, na makinda wakaitikia, kwanza vibaya, halafu vizuri. Jioni akirudi kwake, Tunu aliwakusanya chini ya bawa, akawanong'onezea: wuuu. Wuuu, wanangu. Hivi ndivyo baba yenu alivyomaliza.

Siku moja yule mdogo akauliza: "Mama, mwalimu anapandisha, wewe unashusha. Wimbo wetu ni upi?"

"Mnaziweza zote mbili?"

"Tunaziweza."

"Basi zote mbili zenu. Kaleni."

Mmesikia alivyokata kesi? Hakuita wazee, hakuita kikao, wala hakuna aliyekunywa chai ya mtu. Kesi iliyowamaliza ndege mia kwa mia aliikata akiwa na funza mdomoni.

Makinda wakaota manyoya. Wakaruka tawi moja, wakaruka mawili. Halafu mvua za vuli zikaja. Mvua ikanyesha siku nzima, na asubuhi yake Wanja akavuka kijito kuja kufundisha, akawakuta wanafunzi wake wamekaa safu moja, wameloa, nyuso safi kabisa.

"Wanja wao uko wapi?"

"Umerudi ulikotoka, mkubwa," Tunu akasema.

"Ulitoka wapi?"

"Chini ya tawi lako."

Wanja akafikiri. Akafikiri tena. Akakumbuka ile harufu. Kinda mdogo alikuwa amebana kicheko mpaka mkia unamtikisika.

"Nirudishieni wimbo wangu!" Wanja akapiga kelele. "Wezi! Nyuso tupu! Nirudishieni!"

Makinda wakafungua midomo, wote watatu pamoja. Fii, fii, fiyu, wiii, wuuu! Ulipanda, ulipofika juu ukashuka, na ulikuwa mzuri. Hapajawahi kusikika wimbo kama ule katika mlima ule, na Wanja alisikia uzuri wake, hiyo ndiyo iliyomwuma zaidi.

Na wakati uleule, chini kichakani: fii, fii, fiyu, wuuu! Shehoza amerudi.

Wanja akageuka, macho mekundu. Hasira ya kinyesi ilikuwa haijashuka, sasa hii. "Na yule naye! Ameona nimedharauliwa, anakuja kunicheka!"

Safari hii hapakuwa na shemeji wa kumtuma. Hapakuwa na mpwa.

"Usiende, mkubwa," Tunu akasema.

"Nikinyamaza watasema nini?"

Jibu Tunu alishampa mwingine, na halikumsaidia.

Nani huyo?
— Nata!

Shehoza akamtia Wanja kikapuni, akaongeza tamaa. Akapiga mluzi tena, wuuu. Makinda wakatega sikio.

"Mama, kuna mtu anaimba wimbo wetu."

"Msikilizeni."

Akapiga wiii.

"Huo nao wetu."

"Lakini anaimba vibaya," akasema yule mdogo. "Fiyu yake haina pumzi." Wakarudi kwenye funza wao.

Shehoza akapiga wuuu, akapiga wiii, akapiga mpaka midomo ikapasuka. Hakuja mtu. Mtego wake wote ulikuwa hasira yao, na hasira ilikuwa imekwisha msituni. Mtu mzima, ana ndevu zake, ameketi kichakani anaipigia miti mluzi! Jua lilipopanda akakusanya vijiti, akaenda zake, na mlima ule hakurudi tena.

Mnadhani hadithi imekwisha?
— Imekwisha!
Haijakwisha. Mahindi haya mmeyamaliza? Basi na hadithi haijakwisha.

Shehoza alikuwa amewapeleka wengine wote kwenye baraza za watu. Alibakiwa na Mbiu peke yake, na sasa Wanja. Tundu lilibaki moja. Akawatia wote wawili ndani, akalitundika barazani kwake, karibu na jiko la mkewe. Moshi wa kuni ukapita hapo asubuhi na jioni. Baada ya siku saba masizi yalikuwa yamemfunika Wanja uso wote, na ule wanja, ule mtukufu, uliomfanya kuwa mkubwa, ukiutafuta huuoni.

Lakini yeye aliujua ulipo. Na Mbiu alijua haupo. Basi wakaendelea. Asubuhi, mchana, jioni, bega kwa bega juu ya kijiti kimoja.

Tunu alikuwa anashuka kila siku kuwatazama, anatua kwenye ukingo wa paa, halafu anarudi kwa watoto. Na siku moja alikuwepo pale mteja alipokuja, mama mmoja mnene kutoka bondeni. Mama yule akafungua kimlango cha tundu, akaingiza mkono, akasita. "Shehoza! Yupi bora hapa?"

Shehoza akaja, akatazama, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. "Mchukue yeyote, mama. Ni ndege mmoja tu huyu."

"Basi niletee kitambaa nimfunike nikimchukua." Shehoza akaingia ndani kutafuta kitambaa, mama yule akageuka kuzungumza na mke wa Shehoza jikoni, na kimlango kikabaki wazi.

Wazi! Upana wa kiganja cha mkono. Na nje ya kimlango baraza, na nje ya baraza anga yote.

Tunu akashuka mpaka kwenye tundu. "Baba watoto! Mlango uko wazi."

Na hapo hapo, kutoka mlimani, wimbo ukateremka. Fii, fii, fiyu, wiii, wuuu! Ndani ya tundu wote wawili wakanyanyua vichwa.

"Wasikie!" Wanja akasema. "Wiii! Hao wa kwetu!"

"Wa kwenu?" Mbiu akasema. "Hukusikia wuuu? Wanangu hao!"

"Nani aliwafundisha?"

"Nani aliwazaa?"

"Mlango uko wazi," Tunu akasema.

"Subiri kwanza, mama watoto. Mwambie huyu, watoto ni wa nani?"

"Mwambie yeye, wimbo ni wa nani!"

"Mlango uko wazi! Nawasihi!"

Wakashikana. Wanja akamshika Mbiu bawa, Mbiu akamshika Wanja shingo, manyoya ya majivu yakatoka kwa kimlango kilekile na kuanguka barazani. Manyoya yalitoka. Wenyewe hawakutoka. Shehoza akatokea na kitambaa, akaona kimlango, akakisukuma kwa kidole kimoja.

Tak.

Tunu akawatazama, mmoja, halafu wa pili. Hakulia tena. Akaruka, akapanda mlima, akaenda kwa watoto wake, na kuanzia siku hiyo hakushuka.

Mama yule alimchukua mmoja. Yupi, mimi sijui, na yeye hakujua, na Shehoza hakujua. Ukipita bondeni ukasikia kurumbiza barazani kwa mtu anaimba kwa hasira, peke yake, anakatiza wimbo katikati kana kwamba anamjibu mtu, simama umsikilize. Utachoka kumhurumia, halafu utacheka.

Nasemba. Usitazame chini. Wewe na wifi yako hamjasalimiana tangu mfungo, kwa sababu gani? Kinu. Mmoja anasema kinu kisafishwe kabla ya kutwanga, mwingine anasema baada ya kutwanga. Kinu chenyewe kimoja, na unga mnaula sahani moja. Na wiki iliyopita, mlipokuwa mmeketi kila mmoja na mlango wake mmenuniana, nani alipita katikati akaondoka na kuku wenu watatu? Mnamjua mwizi? Hammjui. Mlikuwa mnatazamana.

Mwanjaa, mpe wifi yako huo ungo, kwake umejaa. Na wewe Nasemba, pokea. Kwa mikono miwili. Mdomo hauna kazi? Sema asante.

Haya. Hadithi yangu nimeipepeta. Pumba zimekwenda wapi?
— Upeponi!
Punje?
— Masikioni mwetu!
Atakayezimeza zimshibishe, atakayezitema asije kwangu na njaa.
— Ungo mtupu!
Ungo mtupu, nami nimenyamaza.